Uganda: Kahawa baridi hutengenezwa nyumbani bila jiko, lakini maji yake lazima yachemshwe

Uganda ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa kahawa barani Afrika. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 pekee, nchi hiyo iliuza ng'ambo zaidi ya magunia milioni 6, kila gunia likiwa na uzito wa kilo 60, na kujipatia zaidi ya dola bilioni 1 za Marekani. Ni sehemu ndogo tu ya mavuno yake inayobaki kunywewa na wananchi wenyewe. Katika nyumba nyingi kinywaji cha asubuhi ni chai, hata pale ambapo mibuni imeota hatua chache kutoka mlangoni.

Sababu mojawapo ya hali hiyo ni dhana kwamba kahawa nzuri huhitaji mashine ya gharama kubwa na mtu aliyefundishwa kuitumia. Dhana hiyo inapingwa na kinywaji ambacho siku hizi kinapatikana katika mikahawa ya Kampala, kama inavyopatikana katika mikahawa ya Nairobi, Kigali na Dar es Salaam. Katika orodha ya vinywaji huandikwa cold brew, nayo ni kahawa iliyolowekwa kwa saa nyingi katika maji baridi, ikachujwa, kisha ikanywewa pamoja na barafu. Mkahawani huuzwa kwa bei ya juu, ilhali nyumbani hutengenezwa kwa buni zilizokaangwa na kusagwa, maji, chombo chenye mfuniko na subira ya usiku mmoja.

Hata hivyo, maelekezo mengi ya kuitengeneza yaliandikwa kwa ajili ya nchi ambazo maji ya bomba hunywewa moja kwa moja na kila nyumba ina jokofu. Mtu anayeyafuata neno kwa neno akiwa Kampala, Mwanza au Kisumu anaweza kupata kahawa tamu iliyotengenezwa kwa maji yasiyo salama.

Kuloweka badala ya kuchemsha

Kahawa baridi ya aina hii haipaswi kuchanganywa na kahawa ya moto iliyopozwa. Hii ya pili hupikwa kwa maji yanayokaribia kuchemka, kisha hutiwa barafu. Wafaransa walioko Algeria waliinywa tangu karne ya 19 kwa jina la mazagran, lililotokana na ngome ya Mazagran iliyopiganiwa mwaka 1840. Kahawa ya kulowekwa haikutani na maji ya moto katika hatua yoyote. Huko Japani imekuwapo kwa miaka mingi kahawa inayodondoka tone kwa tone kupitia vyombo virefu vya kioo. Nchini Marekani, mhandisi wa kemia Todd Simpson alibuni mwaka 1964 chombo cha kulowekea kahawa nyumbani, na mwaka 2015 kampuni ya Starbucks ilipoanza kuuza kinywaji hicho katika maduka yake nchini humo, kilipata umaarufu mkubwa.

Tofauti kati ya njia hizo mbili ni tofauti kati ya joto na muda. Maji ya moto hutoa kafeini, asidi, sukari, mafuta na harufu kutoka katika unga wa kahawa kwa dakika chache. Maji baridi hufanya kazi hiyo polepole, na baadhi ya vitu, hasa vile vinavyoleta uchungu mkali, havitoki kwa wingi uleule. Matokeo yake ni kinywaji laini chenye utamu wa mbali, lakini ambacho harufu yake haipandi puani kama ile ya kahawa ya moto.

Muda huo hauna haja ya kurefushwa bila kikomo. Utafiti wa Megan Fuller na Niny Rao, uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Scientific Reports, ulionyesha kwamba kiasi cha kafeini katika maji ya kulowekea huacha kuongezeka baada ya saa 6 hadi 7 hivi. Saa zinazofuata hubadilisha ladha zaidi kuliko nguvu. Kwa hiyo, anayeloweka kahawa saa 3 usiku na kuichuja saa 3 asubuhi hana la kupoteza akilinganishwa na anayesubiri siku nzima.

Kwa nini robusta ya Uganda inafaa

Takriban asilimia 80 ya kahawa ya Uganda ni robusta, na iliyobaki ni arabika inayolimwa katika miinuko ya Mlima Elgon, Rwenzori na eneo la West Nile. Robusta si mgeni nchini humo. Ni mmea wa asili wa misitu yake, na watu wa eneo hilo waliujua kabla ya kuja kwa mashamba ya kikoloni. Katika Buganda, buni ziligawanywa na kutafunwa katika ibada ya kuchanjiana udugu, na kwa jirani zao Wahaya wa Bukoba, ng'ambo ya mpaka upande wa Tanzania, buni zilizochemshwa na kukaushwa zingali zikitafunwa na kukaribishwa wageni hadi leo.

Katika soko la dunia, robusta huthaminiwa chini ya arabika kwa sababu ya uchungu wake, na sehemu kubwa hutumika kutengeneza kahawa ya unga inayoyeyuka katika maji. Robusta ya Uganda ina nafuu fulani, kwa kuwa hukua mahali pa juu kuliko ilivyo kawaida ya aina hiyo. Uso wenyewe wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mashamba yanayolizunguka yako juu ya hapo. Ubaridi wa mwinuko huchelewesha kuiva kwa buni na kuzipunguzia ukali.

Hapo ndipo njia ya kuloweka inaposaidia. Uchungu unaomfanya mnywaji wa robusta aongeze vijiko vitatu vya sukari hupungua sana katika maji baridi, na kinachobaki ni ladha nzito inayokumbusha kakao au karanga zilizokaangwa. Arabika ya Elgon, au ya Kenya na Rwanda, hutoa kinywaji chepesi chenye dalili ya uchachu wa matunda, ingawa uchachu huo hujitokeza vizuri zaidi katika maji ya moto. Mtu mwenye bajeti ndogo, basi, hana sababu ya kuionea haya robusta, kwani maji baridi huistahi kuliko maji ya moto.

Vipimo na usagaji

Jambo la kwanza la kuamua ni kama inatakiwa kahawa nzito ya kuzimuliwa au kahawa iliyo tayari kunywewa.

Kwa kahawa nzito, kipimo kinachotumika sana ni gramu 100 za kahawa kwa mililita 800 za maji, yaani sehemu 1 kwa 8. Pakiti ya robo kilo huhitaji lita 2. Kahawa iliyosagwa hufyonza maji yanayokaribia mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo katika mililita 800 zilizotiwa hupatikana takriban 600 baada ya kuchuja. Kinywaji hicho hakinyweki kama kilivyo, bali huzimuliwa kwa kiasi kilekile cha maji au maziwa. Kwa kahawa ya kunywewa bila kuzimuliwa, gramu 60 hadi 70 kwa lita moja ya maji zinatosha. Asiye na mizani anaweza kukadiria kwamba kijiko kimoja cha mezani cha kahawa iliyosagwa kina gramu 5 hivi.

Usagaji ni muhimu kama kipimo chenyewe. Kahawa inayofaa ni ile yenye chenga kubwa, mfano wa chumvi ya mawe iliyopondwa. Unga laini hutoa vitu vyake haraka mno, huacha uchungu na tope, na huziba kichujio. Kwa bahati mbaya, kahawa nyingi ya pakiti madukani imesagwa laini. Mwenye kupata buni zilizokaangwa anaweza kuzitwanga kwa kinu na mchi, akikomesha kazi mapema kabla hazijawa unga. Asiye na njia nyingine atumie ile ya pakiti, apunguze muda wa kuloweka uwe saa 8, na achuje mara mbili kwa kitambaa.

Ukaangaji wa wastani ndio unaofaa zaidi. Buni zilizokaangwa hadi kuwa nyeusi na kutoa mafuta hutoa kinywaji chenye ladha ya moshi, na zile zilizokaangwa kidogo mno huacha ladha ya nafaka mbichi.

Hatua kwa hatua

Maji ya kutosha huchemshwa hadi yatokote, kisha huachwa yapoe kabisa katika chombo kilichofunikwa. Wakati huohuo, chombo cha kulowekea, kijiko, chujio na chupa ya kuhifadhia huoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji ya moto. Chombo cha kioo chenye mdomo mpana ndicho bora, kwa kuwa plastiki hushika harufu na huwa na mikwaruzo inayoficha uchafu.

Kahawa hutiwa kwanza, kisha maji yaliyopoa humiminwa polepole huku kahawa ikikorogwa ili pasibaki mabonge makavu. Baada ya dakika 10 hivi, sehemu itakayokuwa imeelea juu hukorogwa tena. Chombo hufunikwa na kuwekwa ndani ya jokofu kwa saa 16 hadi 18. Nje ya jokofu kazi hukamilika mapema zaidi, kati ya saa 8 na 12, lakini usalama wake hutegemea masharti yatakayoelezwa hapa chini.

Muda ukitimia, kahawa huchujwa mara ya kwanza kwa chujio la kawaida la chai ili kuondoa chenga, na mara ya pili kwa kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa, au kwa karatasi ya kuchujia. Kitambaa hakipaswi kukamuliwa kwa nguvu, kwani kukamua hurudisha ndani ya kinywaji ule uchungu uliokuwa ukikwepwa. Yaliyochujwa hutiwa katika chupa, hufungwa na kurudishwa kwenye jokofu. Machicha yanaweza kuchanganywa na mboji ya bustani.

Wakati wa kunywa, nusu bilauri ya kahawa nzito huongezwa nusu bilauri ya maji au maziwa pamoja na barafu. Sukari haiyeyuki vizuri katika kinywaji baridi, kwa hiyo ni afadhali iyeyushwe kwanza katika maji ya moto kidogo. Wanaopenda ladha ya kahawa ya pwani wanaweza kuloweka kipande cha tangawizi iliyopondwa au punje chache za iliki pamoja na kahawa yenyewe.

Kazi ambayo moto haukuifanya

Katika chai na kahawa ya kawaida, moto hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Hutoa ladha, na huua vijidudu vilivyomo ndani ya maji. Familia iliyozoea kunywa chai inaweza kuwa imejikinga na maradhi ya tumbo kila asubuhi bila hata kuliwaza jambo hilo, kwa sababu tu majani ya chai hayakolei bila maji kuchemka. Anayetengeneza kahawa baridi ameuondoa moto, na kinga yake imeondoka pamoja nao. Kahawa haiui bakteria wa kipindupindu wala wa homa ya matumbo. Maji yakiingia na vijidudu, vitakaa humo usiku kucha.

Ndiyo maana kuchemsha maji si hatua ya hiari katika eneo hili, hata pale maji yanapoonekana meupe kama kioo. Maji ya chupa yaliyofungwa kiwandani yanafaa pia. Tahadhari hiyohiyo inahusu barafu, kwani kuganda hakuui vijidudu vyote. Barafu iliyotengenezwa kwa maji yasiyochemshwa inaweza kuharibu kazi yote iliyotangulia.

Hatari ya pili hutokana na joto la chumba. Kahawa haina asidi nyingi kama maji ya ndimu, kwa hiyo haijilindi yenyewe dhidi ya vijidudu vinavyoingia kupitia mikono, vyombo au hewa. Mchana wa Kampala joto hufikia nyuzi 27 au 28 za Selsiasi, na katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam huzidi nyuzi 30. Katika joto hilo vijidudu huzaliana kwa kasi. Wenye viwanda nao hawakusalimika na tatizo hilo, kwani mwaka 2017 kampuni moja ya Marekani iliondoa sokoni kwa hiari kahawa baridi iliyofungwa katika makopo, kwa hofu kwamba sumu hatari ya botulini ingeweza kujitengeneza ndani ya makopo hayo yasiyo na hewa.

Kwa mwenye jokofu, kanuni ni nyepesi: aloweke ndani ya jokofu, ahifadhi ndani ya jokofu, na amalize kahawa hiyo katika muda usiozidi wiki moja. Maziwa yatiwe katika bilauri wakati wa kunywa, yasitiwe katika chupa ya kuhifadhia. Kahawa iliyobadilika harufu, iliyotoa mapovu au iliyofanya utando juu imwagwe bila kuonjwa.

Kwa asiye na jokofu, au anayekaa mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, njia salama zaidi ni kupika kahawa kwa maji ya moto kama kawaida, kuipoza haraka kwa kutumbukiza chombo chake katika beseni la maji baridi, na kuinywa siku hiyohiyo. Akitaka kuloweka licha ya hayo, atengeneze kiasi kidogo, aloweke usiku wakati joto limepungua, asizidishe saa 8, na amalize yote asubuhi bila kuweka akiba. Maji ya mtungi wa udongo huwa na ubaridi wa kupendeza, lakini mtungi haufikii ubaridi wa jokofu, na hauwezi kuhesabiwa kuwa badala yake.

Nguvu ya kafeini

Ulaini wa kinywaji hiki humhadaa mnywaji. Kwa kuwa uchungu umepungua, ni rahisi kudhani kwamba nguvu nayo imepungua. Arabika ina kafeini inayokaribia asilimia 1.2 ya uzito wake, ilhali robusta ina takriban asilimia 2.2. Maana yake ni kwamba gramu 100 za robusta zina karibu miligramu 2,200 za kafeini. Hata kama si yote itakayotoka, bilauri ya mililita 200 ya kahawa nzito ambayo haikuzimuliwa yaweza kufikia au kupita miligramu 400.

Kiwango hicho ndicho ambacho Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, katika tathmini yake ya mwaka 2015, ilikitaja kuwa hakileti wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya kwa siku nzima. Kwa mwanamke mjamzito, kiwango kilichotajwa ni miligramu 200. Kwa hiyo kuzimua kahawa ya robusta si suala la ladha peke yake, na chupa ya kahawa nzito inayofanana na maji ya ukwaju haifai kuachwa mahali ambapo watoto wataifungua.

Je, ni nafuu kwa tumbo?

Wengi huamini kwamba kahawa ya kulowekwa haina asidi na inawafaa wenye vidonda vya tumbo. Mwaka 2018, Rao na Fuller walichapisha utafiti mwingine uliolinganisha kahawa baridi na ya moto zilizotengenezwa kwa buni za aina moja. Waligundua kwamba kipimo cha pH cha aina zote mbili kilikaribiana, kati ya 4.85 na 5.13. Kahawa ya moto ilikuwa na jumla kubwa zaidi ya asidi zilizoyeyuka, lakini pia ilikuwa na viambato vingi zaidi vinavyosaidia kupambana na uharibifu wa seli.

Baadhi ya watu husema kwamba kahawa baridi haiwasumbui, na hakuna sababu ya kuwakatalia wanachokihisi. Lakini kwa mtu ambaye daktari amemkataza kahawa, kubadili joto la maji hakubadilishi katazo hilo.

Kahawa katika nyumba ya mkulima

Ethiopia hunywa karibu nusu ya kahawa inayoizalisha, na ndiyo maana bei za dunia zinapoporomoka, mkulima wake huwa bado na mnunuzi jirani. Mkulima wa Uganda, Rwanda au Burundi hana ngao kama hiyo, kwa kuwa karibu kila anachokivuna husubiri bei inayopangwa katika masoko ya London na New York. Mnywaji wa nyumbani hawezi kuibadili hali hiyo kwa chupa moja, lakini kila pakiti iliyokaangwa na kuuzwa nchini huacha sehemu ya thamani ya kukaanga, kusaga na kufungasha mikononi mwa watu wa nchi hiyo.

Kwa muda mrefu kikwazo kimekuwa kile kinachodhaniwa kuhitajika: mashine, umeme na utaalamu. Kahawa ya kulowekwa huondoa vikwazo hivyo karibu vyote na kudai vitu viwili tu badala yake, yaani usiku mmoja wa kusubiri na sufuria ya maji yaliyotokota kabla ya kazi kuanza.